Kikao cha Idi Pili shambani

Hatima ya kima punju wanaoishi nje ya hifadhi ya Jozani inaamuliwa juu ya mkeka, chini ya mwembe, Idi Pili baada ya alasiri. Watoto wameshiba na kutawanyika, wazee wanapokezana vikombe vya kahawa, halua imebaki vipande viwili vitatu kwenye sinia, ndipo mmoja anakohoa kidogo na kusema: "Sasa jamani, hili shamba letu tunalifanyaje?"

Mwenye asili ya kusini au mashariki ya Unguja amewahi kulisikia swali hilo. Sisi wenyewe tumetapakaa: Fuoni, Mwanakwerekwe, Dar es Salaam, Muscat, wengine Uingereza. Shamba liko kulekule lilikoachwa na wazee, Muyuni, Kitogani, Pete, Unguja Ukuu au Charawe. Mwaka mzima tunasalimiana kwa simu. Mwezi ukiandama tunakusanyika, na kwa kuwa hizo ndizo siku pekee ambazo warithi wote wako mahali pamoja na vitambulisho vyao mfukoni, ndizo siku ambazo hata dalali naye hupita kutusalimia.

Ninayo rai moja, na niiseme mapema. Shamba la urithi la pwani lisiuzwe vipande vipande wala lisizungushiwe kuta, kwa sababu wanyama wetu wanalitegemea kama tunavyolitegemea sisi. Lakini sisi tunaokwenda kula pilau kwa siku nne hatuna haki ya kuyasema hayo mpaka tukubali kubeba gharama ya ndugu anayebaki na wanyama hao siku zote zinazobaki za mwaka.

Kima punju asili yake ni Unguja na visiwa vidogo vya pembeni kama Uzi na Vundwe, basi. Hapatikani bara, hapatikani Kenya, na walioko msitu wa Ngezi kule Pemba walipelekwa na watu miaka ya 1970. Mgongo wake mwekundu, nywele nyeupe zimezunguka uso mweusi, mkia mrefu unaoning'inia chini ya tawi. Hesabu iliyochapishwa mwaka 2019 ilionesha kwamba wapo zaidi ya 5,800, idadi kubwa kuliko ilivyodhaniwa kwa miaka mingi. Habari hiyo ilitufurahisha wengi, lakini ndani yake mlikuwa na jambo jingine ambalo halikuzungumzwa sana: karibu theluthi moja ya kima hao wanaishi nje ya maeneo yaliyohifadhiwa, na makundi ya huko nje ni madogo, yana watoto wachache. Huko nje ndiko kwetu. Ni minazi yetu, miembe yetu, mikungu ya babu, na vichaka vya maweni ambavyo kila mtu anaviona ni taka.

Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka ilitangazwa mwaka 2004 na ina ukubwa wa takriban kilomita za mraba 50. Ni kazi kubwa na ya kushukuriwa. Ila kima hasomi bango la mpaka. Anafuata majani machanga, na majani machanga yakichipua kwenye mwembe wa shangazi yangu baada ya mvua, kundi zima litakuwa pale kabla jua halijapanda.

Hapa nataka kueleza ninachokiona kila tunapokusanyika, maana watoto wengi wa mjini hukaa nacho siku nne bila ya kukiona. Asubuhi ya Idi watu wanarudi kutoka kusali, wanapeana mikono, wanakula bokoboko na mkate wa kumimina kwa mchuzi wa kuku. Watoto wanazunguka kwa ami na shangazi zao kutafuta mkono wa Idi. Nyuma ya jiko la nje, penye jivu la kuni za usiku, kima mmoja anashuka taratibu kwenye shina la mkungu. Anatazama kushoto, anatazama kulia, ananyakua kipande cha kaa baridi na kurudi juu. Anakaa kwenye panda la mti na kulitafuna kaa lile kama mtu anayetafuna kashata. Mdomo unakuwa mweusi. Mtoto wake anasogea, ananusa, anachukua kipande kilichoanguka juu ya tawi na kukijaribu.

Watafiti Thomas Struhsaker na Kirstin Siex, waliofanya kazi pembezoni mwa Jozani miaka ya 1990, walieleza sababu yake. Majani ya mwembe na mkungu yana lishe nzuri, lakini yana pia kemikali za jamii ya fenoli zinazosumbua tumbo. Kaa hunasa kemikali hizo, majani yakaweza kuliwa bila madhara. Kima wa mashambani, ambao ndio wanaokula sana majani ya miti iliyopandwa na watu, ndio waliozoea kula makaa, wakiyaokota kwenye visiki vilivyoungua, kwenye matanuri na majikoni. Maana yake ni kwamba hawa si wanyama wa msituni waliopotea njia wakaingia kwetu. Wamejifunza kuishi na sisi. Wamezoea miti yetu na moto wetu, na mama anaonekana kumrithisha mwanawe ujuzi huo. Ukifyeka mkungu na kujenga ukuta, unawaondoshea maisha waliyoyajenga kizazi baada ya kizazi kando ya majiko ya bibi zetu.

Watoto wakioneshwa hayo, hawasahau. Waambieni pia kwamba kima huyu hana kidole gumba, na kwamba tumbo lake limegawanyika vyumba ambamo majani huchachuka kabla ya kusagwa. Ndiyo maana asitupiwe biskuti wala ndizi mbivu. Sukari huvuruga uchachukaji huo na kumtia maradhi. Kila Idi naona mtu mzima akimpa mtoto kipande cha keki amrushie kima ili wapige picha. Naomba tuache. Mtoto akitaka kumkirimu mgeni, ampe jirani sahani ya pilau.

Sasa nazi. Hakuna tuhuma ya zamani dhidi ya kima punju kama ya nazi, na kwenye kikao chochote cha warithi itatolewa tu: kima wanatumalizia nazi, bora tuuze. Nayo inastahili jibu la haki, kwa sababu mkulima hasemi uongo anaposema amemwona kima juu ya mnazi akila. Swali ni anakula nini.

Anayejua mnazi anajua kwamba upunga ukifunguka hutoa vidaka vingi mno, na mnazi wenyewe huangusha sehemu kubwa ya vidaka hivyo, kima awepo asiwepo. Vinavyosalimika ndivyo vinavyokuwa vitale, halafu madafu, halafu makoroma, mpaka nazi kamili inayoangukia majanini usiku na kukushtua usingizini. Safari hiyo huchukua kama mwaka mzima. Siex na Struhsaker walikaa kwenye mashamba ya minazi jirani na Jozani wakahesabu kilicholiwa na kilichovunwa, na matokeo yao yakachapishwa mwaka 1999. Kima punju walikuwa wanakula vidaka. Lakini pale vidaka vilipoliwa zaidi, mavuno ya nazi hayakuonekana kupungua. Yaliambatana na mavuno makubwa zaidi. Maelezo waliyotoa ni kwamba huenda kima wanaupunguzia mnazi mzigo, vinavyobaki vikapata nafasi ya kukomaa, jambo ambalo mkulima wa matunda hulifanya kwa mkono wake mwenyewe.

Sisemi kwamba kima ni mbolea. Nasema kabla hatujamhukumu kwa nazi tujue tunamhukumu kwa nini, na tumtofautishe na wenzake. Kima wa kawaida, yule wa kijivu, ni mla mazao kweli. Anachimbua, anachuma, anabeba. Komba anakuja usiku, na kama mgema ametundika kibuyu juu ya mnazi, basi hapo ndipo amefika. Kunguru wa Bara Hindi, aliyeletwa Unguja miaka ya 1890, anaiba mayai ya kuku, vifaranga, na makinda ya ndege wadogo mpaka chozi na pugi wamekuwa adimu kwenye bustani nyingi za mjini. Ukisikiliza hasara zote zikisimuliwa pamoja, mwenye mgongo mwekundu ndiye anayebebeshwa lawama kwa sababu anaonekana mchana na hana haraka ya kukimbia.

Kuna desturi moja ambayo nadhani inadhuru kuliko nazi zote, nayo inafanywa kwa nia njema kabisa. Ramadhani ikikaribia kwisha, sisi wa mjini tunatuma fedha shambani: pasafishwe, wageni wanakuja. Kusafisha huko ni panga na kiberiti. Vijana wanafyeka kila kilicho chini ya minazi na miembe, wanafyeka vichaka vya mpakani, wanakusanya, wanachoma. Tukifika Idi Mosi tunakuta uwanja mweupe, tunasifu. Lakini ardhi yetu ya upande wa maweni ni udongo haba uliokaa kwenye mashimo ya mawe ya matumbawe. Moto ukipita, majani makavu yaliyokuwa yanaushika udongo ule yanageuka jivu na mvua ya kwanza inayapeleka. Vichaka vile ndivyo maficho ya paa na paa nunga, ambaye ni mmoja wa swala walio hatarini Afrika. Ndimo ndege wanamotagia. Na ndiyo njia ya kima kutoka mti mmoja kwenda mwingine bila ya kukanyaga chini, ambako kuna mbwa na magari.

Hofu ya nyoka naielewa, nina watoto. Basi tufyeke penye nyumba, penye njia ya kisimani na penye makaburi ya wazee wetu, tuache ukanda wa vichaka mipakani na kuzunguka miti mikubwa. Kibarua atafanya kazi ndogo zaidi kwa fedha zilezile, na shamba litabaki shamba.

Na tukiwa kwenye sikukuu, lipo pia suala la wasasi. Jumapili na siku za mapumziko makundi ya wawindaji huingia mashambani na mbwa na nyavu kutafuta nguruwe mwitu, na mkulima aliyeliwa mihogo huwashukuru. Sina ugomvi na anayemwondoa nguruwe kwenye mihogo. Ila wavu haumchagui anayenaswa, na paa akikurupushwa na mbwa atakimbilia humohumo. Familia ina haki ya kuweka sharti: shambani kwetu ni nguruwe tu, mmoja wetu awepo, paa akinaswa aachiwe. Mambo haya yanazungumzika. Hayazungumzwi kwa sababu siku wanapokuja sisi wenye shamba tuko mjini, na anayebaki kukabiliana nao ni mtu mmoja.

Mtu huyo, kwetu sisi, ni shangazi. Kila familia ina wake: shangazi mjane, au ami aliyestaafu, au binamu ambaye hakupata kazi mjini akarudi. Ndiye anayeamka kufukuza kima na kunguru, anayelala na tochi, anayepanda kunde na kuzikuta zimelimwa na midomo ya wengine. Sisi tukifika tunampelekea kitenge na kilo za mchele, tunakaa kivulini tunamwambia: "Shangazi, hawa kima ni urithi wa taifa." Anatwambia "marahaba wanangu" na kunyamaza. Kunyamaza kule kumenifundisha mengi kuliko semina yoyote. Majani ya mihogo aliyotarajia kupika kisamvu yameliwa. Maharage aliyotarajia kuuza ili alipie umeme yameliwa. Hasara ni yake peke yake, na sifa ya kuhifadhi tunaigawana wote.

Serikali na vijiji vya jirani na Jozani waliliona tatizo hili zamani. Kwa miaka mingi sehemu ya fedha za watalii wanaoingia pale imekuwa ikirudi kwa jumuiya za vijiji, wakiwamo wakulima ambao kima hula kwenye mashamba yao. Mpango huo umekuwa na manung'uniko yake, kama kila penye kugawana, lakini msingi wake ni wa haki: anayemlisha mnyama ambaye dunia nzima inamtaka, asimlishe kwa njaa yake. Nashangaa kwa nini hatuutumii msingi huo ndani ya familia zetu, ambamo hatuhitaji kamati wala mfadhili. Ndugu kumi walio mjini na ughaibuni, kila mmoja akitoa kila mwezi kiasi anachotumia kwa vocha za simu, wanaweza kumpa anayebaki posho ya kulinda shamba. Posho, narudia, na si sadaka. Yaandikwe na yajulikane: huyu ndiye mlinzi wa shamba letu, mazao yake yakiliwa tunamfidia, akiugua tunamtibu, na akitaka kuacha kazi hiyo, mmoja wetu akakae yeye.

Nimewasikia wanaosema kwamba kuuza ndiko kutakakompumzisha shangazi. Hoja hiyo inanigusa, kwa sababu ni kweli bei ya ardhi ya pwani imepanda kuliko jasho la mtu yeyote wa kijijini, na pembeni ya bahari, Paje na Jambiani hadi Makunduchi, tumeona mwenye kiwanja akijenga nyumba nzuri kwa fedha hizo. Tumeona pia mwenye kiwanja fedha zikimwishia, akarudi kuomba kibarua cha kufyeka pale alipozaliwa. Sensa ya mwaka 2022 ilituhesabu Zanzibar watu 1,889,773. Ile ya 2012 ilitukuta 1,303,569. Ardhi haikuongezeka hata hatua moja. Shamba likishauzwa, warithi wa wajukuu zetu hawatapata jingine, si kwa bei wala kwa dua.

Na tusidanganyane kwamba mirathi inatulazimisha kukata. Sheria ya dini imeweka mafungu, mume na mke, mwana na binti, na kila mwenye fungu apewe haki yake bila ya kudhulumiwa. Hasa akina mama, ambao vikao vya namna hii mara nyingi huwaita baada ya mambo kwisha. Lakini kupewa haki yako si lazima iwe kwa kupigiwa ukuta. Watu wa kusini mwa Unguja walikuwa na kiambo, ardhi ya ukoo ambayo mtu hakai nayo peke yake wala hamuuzii mgeni. Tena hapa kwetu umiliki wa miti umekuwa ukitenganishwa na wa ardhi tangu zamani: mtu anaweza kuwa na minazi yake halali juu ya ardhi ya mwenzake. Wazee waligawana minazi kwa hesabu, huyu kumi na mbili, yule sita, wakaiacha ardhi chini yake nzima, na kila mmoja akaangua nazi zake bila ya kumzuia mwenzake kupita. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi ikawa mali ya umma chini ya Serikali, baadhi ya watu wakapewa eka tatu tatu, sheria zikabadilika, lakini utaratibu wa kugawana matunda bila ya kukata udongo haukufa. Tunao mikononi.

Anayetaka uhakika zaidi anaweza kuliwekea wakfu fungu lake. Kilichowekwa wakfu hakiuzwi, hakirithiwi na hakitolewi zawadi. Manufaa yake ndiyo yanayotolewa kwa waliotajwa, kizazi na kizazi. Zanzibar ina Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, ina makadhi, ina masheikh wanaoyajua mambo haya vizuri. Naamini wakfu wa familia ambao umetaja wazi kwamba miti mikubwa isikatwe na vichaka vya mpakani visichomwe ungekuwa hifadhi imara kuliko nyingi zinazochorwa kwenye ramani, kwa sababu ungelindwa na watu wanaomwogopa Mungu kabla ya kumwogopa mgambo.

Wazee wanapohadithia, baada ya isha, watoto wakiwa wamejilaza mapajani, hadithi inayorudi ni ya chui. Alikuwepo Unguja, mdogo kuliko wa bara, madoa yamebanana. Watu walisema wako wachawi wanaowafuga na kuwatuma. Baada ya Mapinduzi ilifanyika kampeni ya kuwasaka wachawi pamoja na chui wao, chui wakauawa wengi, na leo wataalamu wengi wanaamini ametoweka. Amebaki aliyekaushwa makumbusho na huyu wa kwenye hadithi. Nikimsikiliza bibi akimwelezea mlio wake, naona jinsi mnyama anavyoweza kutoka kwenye shamba la mtu na kubaki maneno matupu katika umri wa mtu mmoja.  Kampeni iliita, na kila mtu akamwondoa wa kwake.

Pemba ilikwenda njia nyingine. Popo wa Pemba, yule mkubwa ambaye hana kwao pengine duniani, mwishoni mwa miaka ya 1980 walikuwa wachache kiasi cha kudhaniwa kwamba hawatavuka kizazi hicho. Waliliwa, na miti waliyolala ilikatwa. Vijiji vikaunda vikundi, skuli zikafundisha, wenye mashamba wakaacha miti ya malalo isimame, na hesabu za baadaye zikawakuta zaidi ya 20,000. Ukienda Kidike utawaona wamening'inia mchana kutwa juu ya mashamba ya watu. Hakuna jeshi lililopelekwa. Wenye miti waliamua.

Jambo la barabara nitalisema kwa ufupi kwa sababu linajulikana. Katikati ya miaka ya 1990, barabara ya kusini ilipotiwa lami, kima wengi waligongwa pale Jozani mpaka yakawekwa matuta. Matuta yanasaidia. Lakini Idi Mosi na Idi Pili magari ya familia yanakwenda Makunduchi na Paje yamejaa watoto na sufuria, kila dereva anaiwahi biriani, na nje ya eneo la matuta kima anavuka barabara ileile. Dereva wa familia yetu apunguze mwendo kuanzia Kitogani, na watoto wapewe kazi ya kuangalia nani wa kwanza kuwaona.

Idi sasa inaangukia karibu na masika, na kwa kuwa hurudi nyuma kama siku kumi na moja kila mwaka, kwa miaka michache ijayo tutakutana shambani mvua zikiwa hazijaanza. Ni wakati mzuri wa kutia miche ardhini. Badala ya fedha za kufyeka, tutume fedha za miche: mwembe, mkungu, mzambarau, mkwaju, minazi ya kurithi ile iliyozeeka. Kila mtoto aliyepokea mkono wa Idi apande mti wake mwenyewe, aoneshwe na mpaka, aambiwe shamba linaanzia wapi na linaishia wapi, na ndugu gani wana haki humo. Mtoto anayejua mti wake uko wapi atakuwa mgumu kutia saini akiwa mtu mzima.

Ami yangu ametutumia ujumbe kwamba safari hii kuna mtu anataka upande wa mashariki, ule wenye mikungu, na anataka jibu Idi Pili. Mimi jibu langu ninalo: fungu langu siuzi, na niko tayari kuliwekea wakfu mbele ya kadhi kabla ya Idi ya kuchinja. Naomba ndugu zangu wafikirie kufanya hivyo pia. Nimependekeza kwamba kikao kifunguliwe na shangazi, aeleze mwaka wake ulikuwaje, alipanda nini na alivuna nini, amepoteza nini na anahitaji nini ili aendelee kukaa pale; posho yake ikubaliwe na kuandikwa kwanza, na suala la mnunuzi lisiguswe mpaka hilo liishe. Akisema amechoka na hawezi tena, basi sisi tunaotaka shamba libaki ndio tutakaopanga zamu za kwenda kukaa.